Nimemsindikiza Tu

Jumatatu, 17 Juni

Kufuli amekuja asubuhi, sijamaliza hata kunyoa. Huyu ni msimamizi wa nyumba yetu. Jina alilopewa na wazazi wake silijui. Anatembea na makufuli ya shaba mkandani, yanagongana kila anapopiga hatua, hivyo mpangaji anajua anakuja kabla hajapanda ngazi. Amesimama mlangoni na kusema Bibi Magodoro ananisalimu. Bibi Magodoro ndiye mwenye nyumba. Duka lake la magodoro liko chini, mtaani. Kisha akanipa salamu zenyewe. Kodi yote iliyolala iingie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, ama mlango wangu utafungwa kwa nje.

Nilimweleza kwa utulivu. Nilimwambia kuna mtu aliyekataa kulipa na kuna mtu aliyechelewa kulipa, na kwamba kila jamii iliyostaarabika inawatofautisha. Nikampa mifano. Povu la sabuni likanikaukia shavuni. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimemaliza, maana ana milango mingine.

Mlango uliofuata ni wa Fundi Redio, anayetazamana nami. Naye anadaiwa. Alikuwa amezima redio zake zote ili anisikie vizuri. Kufuli alipomfikia, Fundi hakueleza lolote. Alisema, "Kaka, sina." Basi. Wakacheka, wakahamia kwenye mpira. Mtu aliyeacha shule mapema hata kudaiwa hajui.

Hali yangu ni hii, kwa kifupi. Nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu. Pensheni inatosha chakula na sabuni. Kodi nilikuwa naitoa kwenye masomo ya jioni, humu humu chumbani, hadi wanafunzi walipohamia kwa kijana wa mtaa wa pili anayefundisha kwa kuimba. Wazazi walilalamika kwamba kwangu somo la mito linakula muhula mzima. Mto ni mrefu. Walitaka nifanyeje?

Chumba hiki niliishi na marehemu mke wangu. Ua lake bado liko dirishani, ndani ya kopo la rangi. Nalimwagilia kila asubuhi kwa kikombe kimoja, shinani, si kwenye majani, kama alivyoniagiza. Sihami.

Wala siombi. Naliandika hapa ili lieleweke. Msomi haombi. Msomi huandaa mazingira, wengine wakajisikia kutoa.

Jumanne, 18 Juni

Nimeandaa mazingira kwa Shemeji, kaka wa marehemu. Ana kiwanda cha mbao na tumbo la mwenye kiwanda cha mbao. Nilivaa koti langu la kazi. Nina sababu. Ukionekana umechakaa sana, watu huogopa kwamba shida yako haina mwisho, wakashika mfuko. Ukionekana nadhifu, huona ni jambo dogo la kumalizwa mara moja.

Tuliketi juu ya mbao, msumeno ukipiga kelele nyuma yetu. Nilianza mbali kidogo, kwa jinsi watu wanavyohamia mijini. Nikaja kwenye bei ya saruji. Nikagusa uhaba wa nyumba, nikateremkia taratibu kwenye kodi. Shemeji aliitikia kwa kichwa. Hatimaye akanishika bega, akanivuta pembeni. Nikajua mazingira yameandalika.

Alisema ameshanielewa, nisijisumbue kuzunguka. Siku zote alijua kwamba mwalimu asiyekunywa wala kuvuta ana akiba yake mahali. Alisema anaona wazi ninachokitaka: nataka kujenga. Mbao atanipa kwa bei ya ndugu. Na kwa kuwa wazee katika ukoo tumebaki wachache, akaniomba niwe mwenyekiti wa michango ya harusi ya mwanawe, na nianze mimi kwa ahadi nono, wengine waone haya.

Nimeahidi. Ahadi nono.

Kosa si langu, ni la ule msumeno. Shemeji hakusikia sehemu ya tatu ya maelezo, ambayo ndiyo ilikuwa na jambo lenyewe. Wakati wa kuagana aliniuliza, akiwa amenikazia macho kweli kweli, "Lakini shemeji, wewe mwenyewe hujambo?" Nikajibu sijambo, namshukuru Mungu. Watu wengine hutumia salamu kumwaga matatizo. Salamu si mahali pa taarifa.

Nimerudi kwa miguu.

Alhamisi, 20 Juni

Fundi Redio amebisha hodi, bisibisi sikioni. Mteja wake mmoja amemwambia kuna ofisi ya ustawi, nyuma ya zahanati, inayowasaidia watu walioshindwa kodi. Hawakupi fedha mkononi. Wanamlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Sharti ni moja tu. Unakwenda mwenyewe, unasema shida yako kwa mdomo wako.

Aliniomba nimsindikize. Alisema mbele ya meza za serikali ulimi wake unakuwa mzito, na mimi maneno yananijia yenyewe. Alinipamba kwa "mzee wangu" mara nyingi kuliko kawaida yake. Kisha akaongeza, akiikagua bisibisi, kwamba nikishafika pale na mimi pia naweza… Hakumalizia. Nilimtazama kwa lile jicho langu la darasani. Akasema alikuwa anafikiria tu kwa sauti.

Nimekubali, kwa ajili yake. Hata hivyo nitafumbua macho. Mchora ramani huingia bondeni bila kuwa mkazi wa bondeni. Nikishaona mambo yanavyokwenda, nitajua namna ya kupewa bila kuomba.

Ijumaa, 21 Juni

Ofisi ni chumba kirefu chenye benchi ukutani na meza moja ya mbao mwishoni. Mezani yuko mama mnene mpole, miwani imefungwa uzi. Anapiga muhuri kwa nguvu hadi kikombe chake cha chai kinaruka. Nimemwita Mama Muhuri.

Benchini fujo tupu. Waliotangulia wamekaa mwisho, waliochelewa wamekaa mwanzo, hakuna ajuaye aanze na lipi. Sikuweza kuvumilia. Niliwapanga. Nikawaeleza, mmoja mmoja, jinsi ya kugawa shida yake katika chanzo, hali ilivyo, na ombi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema tangu azaliwe hajawahi kuelezwa jambo likaeleweka namna ile.

Fundi nilikuwa nimemwandalia utangulizi mzuri kuhusu redio, simu za mkononi, na kufa kwa ufundi wake. Alipoitwa akasahau wote. Alikaa kitini, akasema, "Mama, kodi imenishinda. Naomba mnisaidie."

Niliona aibu kwa niaba yake. Hakuna chanzo, hakuna mtiririko. Mama Muhuri akamuuliza anapokaa na mwenye nyumba wake ni nani, akaandika, akapiga muhuri. Kikombe kikaruka. Imekwisha.

Kisha akavua miwani, akanitazama mimi. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuuliza baba yake, "Na wewe, baba, una shida gani?"

Fundi aliangalia dari.

Nikasema, "Mimi nimemsindikiza tu."

Njiani tulipita kwa mshona viatu. Hapo Fundi akasema yule mama alinifungulia mlango mpaka mwisho na kunishikia. Nilimfafanulia kwamba kukurupuka siku ya kwanza ni upungufu wa mkakati. Akaniambia, "Sawa, mzee wangu," kwa ile sauti anayowaambia wateja kwamba redio yao itapona.

Jumatatu, 24 Juni

Nimerudi ofisini peke yangu. Nimevaa koti. Nimekwenda kwa jambo langu mwenyewe, nalisema wazi.

Sikupewa nafasi. Nilipoingia tu, benchi zima lilinong'ona kwamba mwalimu amekuja. Mzee mmoja mwenye fimbo alinishika mkono akaniomba nimwambie aanze na lipi. Ningemwachaje? Nyuma yake kulikuwa na kinyozi, nyuma ya kinyozi msusi, wote wakidaiwa, wote wakijieleza ovyo.

Mchana Mama Muhuri alitoka nyuma ya meza, akasema tangu Ijumaa foleni yake inakwenda kama maji. Akaagiza niletewe meza ndogo na kiti chenye mikono. Nikaletewa na chai, sukari ya kutosha. Meza yangu iko kando ya yake, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa kiwiko na kumwambia.

Lakini mtu hawezi kukaa upande huu wa meza akawa pia wa upande ule. Watu wangeionaje ofisi?

Kesho, wakati wa chai.

Jumatano, 26 Juni

Jana wakati wa chai Mama Muhuri alikuwa na simu. Leo alikuwa na biskuti, na mtu hawezi kuzungumzia madeni mwenzake ana biskuti mdomoni.

Jioni nimerudi na kumkuta Bibi Magodoro amepanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo magoti yake huliruhusu kwa nadra. Ofisi imemlipa kodi ya Fundi yote. Amekaa kwenye kigoda cha Fundi akicheka, amemletea redio yake ya jikoni atengeneze, anamwita mwanangu. Wiki iliyopita alikuwa akimwita yule mtu.

Aliponiona akaniuliza vipi, mwalimu. Nilimweleza kwamba siku hizi niko ofisini, nina meza yangu. Uso ulimchanua. Akanipa hongera kwa kupata kazi, akasema basi Jumamosi hatutasumbuana. Nilifungua mdomo nimweleze tofauti kati ya kazi na mshahara, lakini alikuwa ameshaanza kuteremka, na kuteremka kwake kunahitaji utulivu.

Usiku ulipoingia, Fundi alinijia. Alisema kesho atakwenda kwa yule mama, amwambie yeye, kwa maneno mawili, mimi nisihangaike. Nilimkataza. Nilimlisha kiapo. Nilimwambia siwezi kusemewa na mtu ninayemsindikiza. Akauliza, kwa hasira sasa, kwamba ni kipi kinachonikwama kooni, mfupa? Mbona yeye alisema na hakufa?

Kuna watu ambao hawana cha kupoteza wanapofungua mdomo. Nimemwagilia ua, ingawa nilishalimwagilia asubuhi.

Ijumaa, 28 Juni

Siku ya mwisho ya kazi kabla ya mwezi kwisha. Nilijizoeza mbele ya kioo, na nikafaulu. Nilifupisha maelezo yangu hadi utangulizi mdogo tu na ombi.

Saa za mchana Mama Muhuri alitangaza kwamba fungu la fedha la mwezi huu limebakiza mtu mmoja. Wengine warudi mwezi mpya. Benchi lilikuwa tupu. Nilisimama. Nilifunga kifungo cha koti. Nilikohoa ili kusafisha njia.

Nikasikia makufuli.

Alikuwa amevaa shati refu kuyaficha, lakini yaligongana vile vile. Kufuli. Alipoona ni mimi niliye mezani, alitaka kugeuka. Nikamwita. Akaja akiwa amenywea, akakaa ukingoni mwa kiti. Kumbe anaishi kile chumba cha chini ya ngazi, ambacho nilidhani ni stoo ya mafagio, na kumbe Bibi Magodoro anamtoza kodi yake. Mkewe amelazwa, mshahara wote umekwenda kwenye dawa. Bibi amemwambia kesho akimaliza kufunga milango ya wanaodaiwa, afunge na wa kwake.

Yote haya niliyapata kwa kumvuta maneno. Mwenyewe alikuwa akigugumia, mara mke, mara ngazi, mara samahani. Mama Muhuri hakushika hata kichwa cha habari.

Nataka hapa niandike ukweli, maana watu watasema nilimwonea huruma. Sikumwonea huruma. Huyu ndiye aliyeniacha na povu shavuni. Nilishindwa tu kuvumilia jambo zuri namna ile likielezwa vibaya.

Nikaeleza mimi. Chanzo, hali ilivyo, ombi. Nikaweka na ile tofauti ya mtu aliyekataa na mtu aliyechelewa. Sijawahi kufundisha vile maishani mwangu. Mama Muhuri alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akapiga muhuri. Kikombe kiliruka. Akasema ndiye wa mwisho.

Kufuli alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashindwa kusema, kama kawaida yake.

Mama Muhuri aliniuliza mbona nilikuwa nimesimama, kama nilitaka kusema kitu. Nilisema nilikuwa nanyoosha miguu.

Jumamosi, 29 Juni

Amekuja asubuhi. Safari hii makufuli hayakulia; alikuwa ameyashika kwa mkono yasilie.

Alisimama mlangoni muda mrefu akiangalia viatu vyangu. Akasema alipewa orodha jana jioni, akaliona jina langu bado lipo, akadhani wamekosea, maana mimi ni mtu wa ofisini. Amemuuliza Bibi. Bibi amesema afunge, au atafute kazi kwingine. Kisha akainua uso. "Mwalimu, mbona hukuniambia? Ningekupisha."

Nilimwambia afanye kazi yake. Aliponing'iniza kufuli, komeo lilikaa upande, nikamweleza kwamba skrubu ya juu imelegea na ndiyo inayolipindisha. Akaikaza. Likaingia vizuri.

Nimetoka na koti, wembe, miwani na daftari hili. Ua limebaki ndani. Nililikumbuka wakati kufuli limekwisha kulia. Kufuli alisema chochote kilichomo hakitoki mpaka deni liishe, hiyo ndiyo amri, lakini hakuna aliyemkataza yeye kuingia. Atalimwagilia. Nikamweleza: kikombe kimoja, asubuhi, shinani, si kwenye majani. Akarudia maneno yangu taratibu, bila kukosea hata moja. Angekuwa mwanafunzi mzuri.

Kwa hiyo mtu anayenifungia ndiye anayeingia, na anaingia kunywesha ua la mke wangu. Nimelifikiria jambo hili kutwa. Siwezi kulieleza.

Jumapili, 30 Juni

Nimelala kwa Fundi, sakafuni, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Alitaka kunipa kitanda, nikakataa. Nilimweleza faida za sakafu ngumu kwa uti wa mgongo. Akanipa mto wake.

Binti yangu amepiga simu kutoka kule alikoolewa. Ameuliza baba hujambo. Sijambo. Ameuliza kelele hizo ni za nini, maana Fundi alikuwa akizijaribu redio zote kwa pamoja. Nikasema nasikiliza habari. Akacheka, akauliza habari za stesheni ngapi, baba? Kisha akasema kama kuna kitu chochote, kidogo kikubwa, nimwambie tu, asije akasikia kwa watu. Nikamwambia mwanangu, hakuna kitu. Nikamweleza hali ya hewa.

Fundi alisikia yote. Alizima redio moja baada ya nyingine. Akasema kesho ni mwezi mpya, fungu jipya, na nitakwenda, na nitasema maneno yale yale aliyoyasema yeye. Akanikalisha kwenye kigoda kama mtoto. Yeye akawa Mama Muhuri, akavaa miwani yangu. "Na wewe, baba, una shida gani?"

Nilisema, "Kwa kuanzia…"

Akagonga meza kwa bisibisi. Tena.

Tulirudia mpaka nikayasema. Kodi imenishinda. Naomba mnisaidie. Yalitoka. Fundi akavua miwani, akasema, unaona, mzee wangu, hujafa.

Jumatatu, 1 Julai

Fundi amenipigia pasi koti mwenyewe. Asubuhi, kupitia mlango wangu uliokuwa wazi kidogo, nimemwona Kufuli ameinama dirishani na kikombe. Shinani. Vizuri.

Nilifika ofisini wa kwanza. Benchi halina mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha wenye shida, nikakaa. Mama Muhuri aliinua uso, akatabasamu, akasema alikuwa ananisubiri kwa hamu. Nikasema na mimi nilikuwa na neno. Akasema niseme, baba, yeye lake litasubiri.

Nikamwambia nimechunguza foleni zake, na ningependa kueleza namna ya kuziboresha.

Nilifikiri ingekuwa njia nzuri ya kuingilia. Nilieleza vizuri sana. Alisikiliza, akaandika, kisha akaja kwenye lake. Wakubwa wao wa makao makuu wamesikia habari zangu. Wamegundua kwamba watu wengi wanatolewa vyumbani kwa sababu tu wanaona haya kusema. Wameandaa mkutano Alhamisi, na wanaomba mwalimu mwenye heshima awazungumzie wananchi juu ya jambo hilo. Malipo hayapo, ila kuna chai. Aliuliza kama nitaweza, au kama nina shida yoyote.

Nikasema sina shida yoyote.

Naandika haya mezani kwa Fundi, nimesogeza redio pembeni. Mlango wangu nauona kutoka hapa, na kufuli lake limekaa sawa kabisa. Kichwa cha hotuba nimekipata: "Usione Haya Kuomba Msaada." Naanza na watu wanavyohamia mijini, halafu bei ya saruji.

Fundi amerudi, hajavua hata viatu, ameniuliza kama niliyasema yale maneno. Nimemwambia mambo yamekwenda vizuri mno. Ameuliza tena, taratibu, akiwa amesimama: niliyasema au sikuyasema?

Nimemwomba akae, nimweleze. Hotuba nzuri haianzi na jambo lenyewe.